Miaka 42 ya kutafuta helikopta moja ndogo

Nyumba tuliyokulia Embakasi, Nairobi, ilikuwa ya mabati, na chochote kilichopita angani tulikisikia mara mbili: kwanza chenyewe, halafu mabati yakikiitikia. Ndege kubwa za abiria tulizizoea hata hatukuziinulia macho. Lakini kulikuwa na helikopta ndogo za jeshi, za duara, zenye mkia mwembamba kama wa kiluwiluwi. Hizo zikipita mpira ulisimama. Tuliziita mayai. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba yai linaitwa MD 500, zamani Hughes 500, kwamba Kenya ilianza kulipokea karibu mwaka 1980, na kwamba chimbuko lake ni zabuni iliyotangazwa Marekani mwaka 1960, bendera yetu ikiwa bado haijapandishwa.

Tangu hapo nina ugonjwa ambao mke wangu ameshindwa kuutibu. Wenzangu hufuatilia ligi ya Uingereza. Mimi hufuatilia zabuni za helikopta. Unaweza kucheka, lakini ligi huisha kila Mei. Zabuni ninayotaka kuwasimulia leo ilianza nikiwa sijazaliwa, na ilipokufa, Februari 2024, nilikuwa na mvi.

Tuanze na yai lenyewe, kwa sababu bila hilo hadithi haina mzizi.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilitaka helikopta nyepesi ya upelelezi: iende mbele, ichungulie nyuma ya kilima, irudi na habari. Kampuni 12 zilileta michoro. Bell na Hiller zikateuliwa, Hughes akaongezwa baadaye, wakaunda ndege za mfano na kuzipeleka zikajaribiwe. Bell ilitolewa. Mwaka 1965 ikabaki bei tu kati ya wawili. Hiller aliandika karibu dola 29,400 kwa kila ndege bila injini. Hughes akaandika chini ya 20,000. Nani angekataa? Jeshi likatia sahihi.

Ila bei ile haikuwa bei ya helikopta. Ilikuwa bei ya kuingilia mlangoni. Hughes alipata hasara kubwa kwa kila ndege iliyotoka kiwandani, vita vya Vietnam vikawa vinazitafuna kuliko zilivyotengenezwa, na alipotaka kupandisha bei jeshi likaifungua zabuni upya. Sasa angalia maajabu: Bell, aliyetolewa raundi ya kwanza, alikuwa ameichukua ndege yake iliyoshindwa, akaibadilisha umbo, akaiuza kwa raia kwa jina la JetRanger. Akarudi nayo, akashinda kwa tofauti ndogo, na mwaka 1968 jeshi likaipa jina la Kiowa. Yai likaendelea na maisha yake kwingine, likafika hadi Embakasi juu ya paa letu. Kiowa ikabaki Marekani, na ndiyo ninayotaka tuifuate, kwa sababu jeshi lile lilijaribu mara nne kumtafutia mrithi na mara zote nne likashindwa.

Mara ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia 1982 hivi, wakuu walikaa wakaona wana helikopta nyepesi za aina nyingi zilizochakaa: za kupeleleza, za kushambulia, za kubeba watu. Wakasema, tuunde familia moja ya ndege izirithi zote. Hesabu ya kwanza ilikuwa helikopta kama 5,000. Elfu tano! Kisha wakaanza kuandika sifa wanazotaka. Isionekane na rada. Silaha zake zikunjwe tumboni. Ione usiku kama mchana. Iruke mbali bila kubebwa. Iwe nyepesi. Kila mkutano ulikuja na sifa yake, na kila sifa ilikuja na uzito wake, na uzito ukala ile sifa ya mwisho.

Mkataba ulitolewa Aprili 1991 kwa Boeing na Sikorsky wakiwa pamoja. Ukiangalia tarehe hiyo utaona balaa iko wapi: mwezi wa Desemba mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Mashine iliyobuniwa ikajifiche na rada za Kisovieti ilipewa mkataba miezi minane kabla ya mwenye rada kuondoka uwanjani. Ikaitwa Comanche. Iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Januari 1996, na nakiri ilikuwa nzuri kupita kiasi, imechongwa kama papa. Idadi iliyotakiwa ikashuka mwaka baada ya mwaka, mpaka 650. Tarehe 23 Februari 2004 wakaifuta. Miaka 22, karibu dola bilioni 7, ndege za mfano mbili. Zote mbili ziko makumbusho ya Fort Rucker, Alabama.

Nina sababu ya kutoidharau kamati ile. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya zabuni ya chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado tunasalimiana. Tulitaka mtambo wa kupozea maziwa. Lita 3,000, basi. Mkutano wa pili mzee mmoja akauliza, na wanachama wakiongezeka? Tukaandika 5,000. Wa tatu kijana mmoja akasema stima hupotea, tuweke jenereta. Wa nne mwalimu mstaafu akasema jenereta inakula mafuta, tuweke sola. Wa tano mimi mwenyewe, na ninaona haya kuandika haya, nilipendekeza mtambo utume vipimo vya joto kwenye simu ya meneja. Hakuna aliyesema neno la kijinga hata mara moja. Kila pendekezo ukilisikia peke yake ungeliunga mkono. Yaliyokusanyika pamoja ndiyo yaliyotufikisha kwenye mtambo ambao hakuna mtu Kenya aliyekuwa akiuuza. Miezi 14 tukazunguka, na kila asubuhi ya miezi hiyo kulikuwa na maziwa yaliyoganda kwenye madebe kando ya barabara. Ubaya wa kamati ni kwamba anayeongeza sharti huonekana mwenye busara, na anayesema "tulitoe hili" huonekana mvivu. Au amehongwa.

Basi niliposoma mlolongo wa Comanche sikuona wajinga. Niliona meza yetu, ila ni kubwa zaidi.

Mara ya pili wakaenda upande wa pili kabisa. Wakasema, yatosha kubuni, tukanunue kilichopo dukani. Mwaka 2005 Bell akapewa kazi ya kugeuza helikopta yake ya kiraia, Bell 407, kuwa ya upelelezi. Ndege 368, jina Arapaho. Mnunuzi yeyote wa gari la mtumba anajua kilichofuata. Helikopta ilikuwa dukani kweli, lakini vifaa vya kijeshi vya kutia ndani havikuwa dukani, na kila kifaa kilitaka nafasi, umeme na kibali chake. Bei ya ndege moja ilitoka dola milioni 8.5 hivi ikafika zaidi ya milioni 14. Oktoba 2008 ikafutwa.

Mara ya tatu sitaichelewesha. Mwaka 2012 waliziita kampuni zije ziwaonyeshe zilichonacho, wakarushiwa helikopta kadhaa, wakatazama, na kufikia mwisho wa 2013 wakasema hela hakuna.

Wakati huo wote nani alikuwa kazini? Kiowa, ile iliyoshindwa mwaka 1965 ikarudi 1968. Walikuwa wameipandishia duara lenye kamera juu ya mhimili wa mapanga, kama mpira uliosahaulika juu ya paa, wakaitia injini yenye nguvu zaidi, wakaipeleka Iraki na Afghanistan ikarushwa mno. Mwishowe waliistaafisha bila mrithi. Za mwisho za aina hiyo yenye duara zikaondoka 2017. Kazi yake wakazigawia Apache, helikopta ya kushambulia iliyo ghali na nzito, na droni. Kroatia ilichukua Kiowa 16 zilizotumika.

Sasa msomaji ataniuliza: je, Wamarekani hawajui kuchagua helikopta? Wanajua, tena vizuri, na hapa ndipo mjomba wangu anapoingia.

Mjomba alistaafu ufundi wa injini za ndege ndogo pale uwanja wa ndege wa Wilson. Nilipomweleza habari za Comanche mara ya kwanza, hakuuliza ilikuwa na uwezo gani. Aliuliza, "Waliirusha lini?" Nikamwambia mwaka wa 14 tangu waanze. Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya chungwa. "Wewe kijana," akasema, "miaka 14 walikuwa wanajadili picha."

Nikaenda nikatafuta zabuni waliyorusha mapema, nikaipata. Mwaka 1972 jeshi hilohilo lilitaka helikopta ya kubeba kikosi cha askari kuchukua nafasi ya Huey, ile ya vita vya Vietnam. Lilitoa masharti Januari. Kufikia Agosti limechagua kampuni mbili, Sikorsky na Boeing Vertol, kila moja iunde ndege halisi. Masharti yalikuwa magumu lakini yalikuwa ya kupimika kwa futi na kwa mizani. Moja lilisema helikopta iweze kuingia ndani ya ndege ya mizigo ya C-130. Ndiyo maana ile iliyoshinda ni fupi na imelala chini kama mjusi, hadi leo. Oktoba 1974 ya Sikorsky ikaruka. Mwezi uliofuata ya Boeing.

Halafu wakazitesa. Askari wakapanda, wakashuka, wakapanda tena usiku. Agosti 1976 pale Fort Campbell, ndege ya Sikorsky ikiwa na askari ndani ilipata mtetemo gizani, rubani akaishusha katikati ya msitu wa misonobari. Mapanga yakafyeka miti. Ungedhani mashindano yameisha hapo. Lakini waliokuwa ndani walitoka wazima, mafundi wakaja, wakabadilisha mapanga, na mashine ikajiondoa msituni kwa nguvu zake. Desemba mwaka huohuo ikatangazwa mshindi: Black Hawk. Zimeshatengenezwa zaidi ya 5,000.

Miaka minne na miezi kadhaa. Tena haikuwa haraka haraka. Ilikuwa miaka ya kuunda na kupima. Ukiniuliza mimi, muda wa kusubiri chuma kikipimwa haupotei. Unaopotea ni ule wa kusubiri orodha ya matamanio ifike mwisho, kwa kuwa orodha ya matamanio haina mwisho.

Na ukitaka kujua kamati ikichelewa sana huwa nini, iangalie Cobra. Miaka ya 1960 jeshi lilikuwa likitaka helikopta ya kushambulia ya ajabu, iliyokuja kuitwa Cheyenne, yenye mbawa na rafadha, yaani propela, ya kusukuma nyuma. Wakati Cheyenne ikiwa bado kwenye karatasi, Bell akachukua injini na mapanga ya Huey, akayavalisha mwili mwembamba wa viti viwili kwa pesa zake mwenyewe, akairusha Septemba 1965. Hiyo ndiyo Cobra. Jeshi likasema sawa, tuichukue kwa muda tu. Cheyenne ilifutwa 1972. Wajukuu wa ile ya muda, kikosi cha Marines cha Marekani bado kinawarusha.

Turudi kwenye wakati wetu. Mwaka 2009 Wamarekani walianza mpango mpya wa kizazi kipya cha helikopta, na safari hii, labda kwa kuumwa na Comanche, wakasema tutarusha kwanza. Tatizo walilotaka kulivunja ni la kimaumbile. Helikopta ikienda mbele, panga la upande mmoja linakwenda kukutana na upepo, na la upande wa pili linarudi nyuma pamoja nao. Kadiri unavyoongeza mwendo, hilo linalorudi hupungukiwa na upepo wa kuliinua, mpaka upande huo unakufa na ndege inataka kupinduka. Helikopta ya kawaida haiponi hapo. Rekodi ya dunia ni kilomita 400.87 kwa saa, iliwekwa na Lynx ya Uingereza Agosti 1986, na aina ile ya kawaida haijaivunja mpaka leo. Black Hawk husafiri karibu kilomita 280.

Majibu yalikuwa mawili. Sikorsky na Boeing walipanga mapanga mawili magumu juu ya mhimili mmoja, yakizunguka kinyume, hivi kwamba kila upande daima una panga linalokutana na upepo. Nyuma wakaweka rafadha ya kusukuma. Wakaiita Defiant. Bell yeye akaja na ndege yenye mbawa na rafadha kubwa kwenye ncha za mbawa: zikielekea juu ni helikopta, zikiinamishwa mbele ni ndege. Kwenye Osprey, ambayo ni dada yake mkubwa, injini nzima hupinduka na rafadha. Kwenye hii mpya injini imetulia, rafadha tu ndizo zinazoinama, hivyo moto wa injini hauchomi nyasi na askari anatoka mlangoni bila kupigwa na joto. Iliitwa V-280 Valor, na nambari ile ni ahadi ya mwendo wake kwa maili za baharini kwa saa, yaani kilomita kama 520.

Valor iliruka tarehe 18 Desemba 2017 huko Amarillo, Texas. Defiant ilichelewa, mapanga yake yalikuwa magumu kutengeneza na sanduku la gia likasumbua, ikaruka Machi 2019. Valor iliruka zaidi ya saa 200 na kuvuka maili 300 za baharini kwa saa, zaidi ya kilomita 550. Defiant ilifika kama 457. Hata hiyo ni zaidi ya Lynx! Lakini kwenye mbio hizi haikutosha, na tarehe 5 Desemba 2022 jeshi likamchagua Bell.

Hapo mjomba angesema umeona? Iliyoruka zaidi imeshinda. Nami ningekubali, kama nisingesoma kilichofuata.

Sikorsky ilikata rufaa Desemba 28. Marekani malalamiko ya zabuni huweza kupelekwa GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge, na ofisi hiyo ina siku 100 za kuamua. Iliamua Aprili 6, siku ya 99. Katika hukumu yake bei zikatoka hadharani: Bell karibu dola bilioni 8.1, Sikorsky karibu bilioni 4.4. Karibu nusu! Nilisoma mstari ule mara tatu. Kilichoiangusha Sikorsky hakikuwa mapanga wala mwendo. Kilikuwa kipengele kimoja cha muundo wa mifumo: jeshi lilitaka kuonyeshwa kwa undani jinsi kila mfumo wa ndege unavyogawanyika hadi vipande vidogo na vipande hivyo vinavyounganishwa, na maelezo yaliyoletwa hayakushuka hadi kina kilichotakiwa. Kikaandikwa "hakikubaliki", na ukishaandikiwa hivyo kwenye kipengele kimoja, hupewi mkataba, bei yako iwe ndogo vipi. GAO ikasema jeshi lilifuata masharti liliyoyatangaza.

Siku hiyo nilikasirika kwa niaba ya watu nisiowajua. Tofauti ya zaidi ya bilioni tatu na nusu imeamuliwa na michoro! Hasira ilidumu wiki moja, mpaka nilipopita pale kwenye chama chetu cha maziwa.

Sijawaambia tulimaliza vipi. Tulinunua mtambo, baada ya miezi 14, wa lita 3,000, ule wa mkutano wa kwanza. Ulifanya kazi vizuri miaka miwili. Kisha kibao cha umeme kinachoongoza joto kikafa, na ikabainika kwamba kibao kile hakiuzwi popote ila kwa aliyetuuzia, hakifungwi na fundi yeyote ila wake, na bei yake anaijua yeye peke yake. Masharti yetu ya kurasa 11 yalikuwa na sola, yalikuwa na simu ya meneja, na hayakuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza: kikiharibika, nani ana ruhusa ya kukifungua?

Jeshi la Marekani lilikuwa linauliza swali hilo. Ndege itakayorushwa miaka 50 itabadilishwa redio, kompyuta na rada mara nyingi, na kama kila badiliko lazima lipitie kwa mtengenezaji wa kwanza, basi umenunua mara moja na utalipa maisha. Kwa hiyo michoro ile haikuwa makaratasi ya kupambia jalada. Ilikuwa funguo za nyumba. Bado naona zabuni ambayo mashine iliyoruka inaweza kutolewa kwa kipengele kimoja bila kujali bei ina ukali kupita kiasi. Lakini sisemi tena kwamba ilikuwa ya kipumbavu. Mwaka 2025 Valor ilipewa jina rasmi MV-75, kwa heshima ya mwaka 1775 jeshi lao lilipoundwa, na divisheni ya 101 ya askari wa anga imepangiwa kuipokea kwanza. Mpango ulisema mwanzoni mwa miaka ya 2030. Sasa wakuu wanataka mapema zaidi.

Na Kiowa je? Mrithi wake alikuwa na zabuni yake pembeni, ya nne. Ilianza 2018. Ndege ndogo ya upelelezi, upana wa mapanga usizidi futi 40, yaani mita 12 hivi, ili ipenye kati ya majengo ya mijini. Machi 2020 walibaki wawili, walewale: Bell na Invictus yake, Sikorsky na Raider X yake. Walijenga haraka kweli. Kisha ndege zote mbili zikakaa kwenye mahanga zikisubiri kitu kimoja, injini mpya ya General Electric ambayo jeshi lilikuwa limeamua lazima wote waitumie. Injini ilichelewa. Ilifika Oktoba 2023. Tarehe 8 Februari 2024 zabuni ikafutwa, zaidi ya dola bilioni mbili zikiwa zimekwenda, wala hakuna hata moja iliyoinuka ardhini.

Sababu waliyotoa ni Ukraine. Walitazama vita vile wakaona kazi ya kuchungulia nyuma ya kilima sasa inafanywa na droni ya bei ya pikipiki, na setilaiti, na kwamba mtu akikaa kwenye chombo chepesi karibu na adui atapigwa. Nadhani uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Kilichonisikitisha ni kwamba ni kisa kilekile cha 1991: tena waliandika swali, wakachelewa kulijibu, na swali likapitwa na wakati likiwa mezani. Jeshi lilitafuta helikopta ndogo ya upelelezi kwa miaka 42 hadi likafikia mahali ambapo haihitajiki. Huenda huo nao ni ushindi wa aina fulani, kwa mtu asiyelipa kodi kule.

Wanaochagua hawakosi la kusema juu ya kuchelewa. Husema ni uangalifu. Ila rubani hasubiri. Anarusha kilichopo. Huey, ile ambayo Black Hawk ilibuniwa kuirithi, ilichaguliwa Februari 1955 na ikaruka Oktoba 1956, miezi 20 tu, kasi ambayo leo ingeonekana uzembe. Ilikuwa ya familia hiyo ya Huey helikopta iliyoanguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 ikamwua mkuu wetu wa majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa. Sisemi umri wa muundo ndio uliomwua. Ndege ya zamani iliyotunzwa huruka salama, mjomba angenipiga kibao nikisema vingine. Nasema tu kwamba siku ile, redio ikitangaza jina la helikopta, nililijua kutoka kwenye vitabu vya vita vya Vietnam, na mwanangu aliyekuwa karibu alilisikia kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa mama, Embakasi. Mabati yamebadilishwa, sasa ni yale ya rangi, lakini yanaitika vilevile. Helikopta ndogo ya duara ikapita chini chini kuelekea kambini. Vijana uwanjani wakasimamisha mpira. Mwana wa dada yangu, ana miaka tisa, akanikimbilia kwa sababu ameshaambiwa ana mjomba mgonjwa wa helikopta.

"Mjomba, hiyo ni mpya?"

Nikamwambia ndiyo, ni MD 530F, jeshi letu lilipokea sita Januari 2020. Kisha nikafikiri kidogo, nikamwambia kwa kweli ni ya 1960, inategemea unaanzia wapi kuhesabu. Akanitazama. Akauliza kama inaweza kubeba ng'ombe. Nikaanza kumweleza habari za uzito, na injini, na mapanga matano, lakini mwenzake alishamwita, mpira ulikuwa umeanza.